Haibridi, mauntein au ya kikapu: baiskeli ipi ya kwendea kazini Dar?

Kama unakaa Tabata, Sinza, Mbagala au hata Kimara na umechoka kusimama kwenye daladala saa nzima, unataka uanze kwenda mjini kwa baiskeli, ukifika kwa wauza mtumba utakuta baiskeli ni nyingi mno na muuzaji anazisifia zote. Hii ina gia ishirini na moja, ile ina shokapu, ile pale imetoka Ujerumani haijaguswa kabisa bosi wangu. Mi msimamo wangu nauweka wazi mapema halafu ndo nieleze kwanini: kwa mtu wa kwenda na kurudi kazini ndani ya Dar, haibridi ya foku ngumu (yaani mbele haina shokapu) yenye tairi za upana wa milimita 38 mpaka 42 ndo inafaa kuliko zote, na ukienda kuichagua anza na tairi, kisha breki, idadi ya gia iache mwisho kabisa.

Haibridi imechukua rimu kubwa za baiskeli za resi ikachukua na usukani ulionyooka wa mauntein (baiskeli ya milimani). Mgongo haujakunjika, unaona mbali mbele, na unaweza kugeuza shingo kuangalia kama nyuma kuna boda bila baiskeli kuyumba. Sasa shida ni kwamba ndani ya jina hilo moja kuna baiskeli tatu tofauti na hapo ndo watu wengi wanapigwa.

Kuna ile nyepesi, mfano Trek FX, Giant Escape, Specialized Sirrus. Foku ngumu, tairi mara nyingi kati ya 32 na 38, haina madigadi, haina keria, uzito kama kilo 11 mpaka 13. Kuna ya shokapu, mfano Giant Roam au Specialized Crosstrail, mbele ina shokapu fupi inayocheza kama sentimita 5 au 6 hivi, tairi pana kidogo, kilo 14 au 15. Halafu kuna iliyokamilika, hizi zinatoka sana Ujerumani na Uholanzi, majina kama Kalkhoff, Gazelle, Batavus, hii inakuja na madigadi, keria, stendi, kava ya cheni na taa kabisa, maana Ujerumani taa za baiskeli ni lazima kisheria, ila uzito wake unafika kilo 16 mpaka 19. Nje ya familia hiyo kuna wapinzani wawili ambao lazima tuwaweke mezani, mauntein ya inchi 26 iliyojaa kila kona, na zile za Kijapani za kikapu mbele.

Barabarani sasa

Dar sehemu kubwa ni tambarare. Milima ya kusema ni upande wa Kimara na Mbezi na kule Pugu, kwingine ni miinuko midogo tu ya madaraja. Kwahiyo kinachokutesa hapa ni uso wa barabara, kupanda mlima ni mara chache. Chukua Morogoro Road, mwendokasi ilipoanza 2016 kutoka Kimara mpaka Kivukoni pembeni yake ikaja na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, lami au zege safi, ukiipata asubuhi na mapema unateleza kweli kweli. Lakini saa moja na nusu hiyo njia ina boda, ina mama wa vitumbua, ina watu wanaowahi kituoni, kwahiyo unashuka barabarani, unapanda tena, unashuka tena, na kila ukipanda ile kingo ya zege rimu inakula pigo. Halafu ukitoka barabara kuu kuingia mtaani kwenu kilomita mbili za mwisho ni vumbi, mashimo na mchanga, na masika ikiingia mwezi wa tatu mashimo yote yanajaa maji hujui lipi ni la kina kifupi na lipi linameza tairi nzima.

Hapo haibridi nyepesi ya tairi 32 inakuwa na wakati mgumu. Kwenye lami inakimbia vizuri sana, hilo siwezi kulipinga, ila tairi 32 unaijaza upepo mpaka psi (kipimo cha upepo) 70 au 80 ndo isigonge rimu, na ikiwa ngumu hivyo kila ufa wa barabara unausikia mkononi. Ukiingia kwenye mchanga inazama na usukani unakutoka. Habari njema ni kwamba nyingi ya hizi fremu zina nafasi, ile FX au Escape iliyokuja na 32 mara nyingi inapokea 38 bila shida, angalia tu kati ya tairi na fremu nyuma pale chini karibu na pedeli, kidole kikipita kila upande upo salama. Ukiweka 38 au 40 unashusha upepo mpaka psi 50 hivi na baiskeli inabadilika kabisa, inakanyaga mashimo madogo bila kelele na kwenye lami hupotezi kitu cha maana.

Ndo maana nasema shokapu ya mbele haina haja. Najua inavutia macho, watu wanaibonyeza dukani inacheza wanasema hii ndo yenyewe. Shokapu hizi za haibridi za bei ya kawaida ndani zina spring ya chuma na mipira midogo ya kuzuia uchafu, na huu mji una vitu viwili inavyochukia, mchanga na hewa ya chumvi. Msimu mmoja wa mvua ukipita bila kufunguliwa na kupakwa grisi inaanza kukwama, halafu inabaki imekwama, na hapo una foku ngumu yenye uzito wa kilo moja zaidi ya foku ngumu ya kawaida. Mtaani sio rahisi kupata fundi mwenye spea zake, anachoweza ni kumwagia oili juu, oili inakamata mchanga, mambo yanazidi kuwa mabaya. Na kabla haijakwama nayo inakula nguvu zako, ukisimama kwenye pedeli kupanda Kimara inabonyea kila ukikanyaga badala ya baiskeli kwenda mbele. Tairi pana inafanya kazi ile ile kwa bei ya tairi.

Mauntein nayo ina haki yake

Kuna watu wanaidharau mauntein ya 26 na mi sio mmoja wao. Rimu ndogo ina spoku fupi, ni ngumu kupinda, tairi zake unazipata mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na fremu ya chuma ikivunjika mchomeleaji yeyote wa mageti anaiunga ukaendelea na safari, wakati aluminiamu haiungwi hovyo na hata ikiungwa pale mtaani usiiamini ukiwa katikati ya malori ya Mandela Road. Udhaifu wake kwa mjini ni vitu viwili tu. Kwanza tairi za meno, zinanguruma kwenye lami na zinakula miguu, hii inatibika, vua weka tairi laini za 26 kwa 1.5 au 1.75 utaona kama umenunua baiskeli nyingine. Pili uzito na ile shokapu ya mbele, wakati mwingine na ya katikati, za bei rahisi zinafika kilo 17.

Kuhusu gia watu wanabishana bure. Chukua mauntein ya kawaida, meno 42 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 6.2. Haibridi yenye 48 mbele na 14 nyuma inakusogeza kama mita 7.4. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, ambayo ni kasi ya mtu aliyezoea, mauntein inakupa karibu kilomita 30 kwa saa na haibridi karibu 36. Sasa niambie ni wapi kati ya Ubungo na Posta asubuhi unaenda 30 kwa raha bila kufunga breki kila mita hamsini. Kwahiyo hizo gia 21 au 24 au 27 zisikupandishie bei, utatumia nne au tano kila siku.

Kama safari yako zaidi ya nusu ni vumbi, unatoka ndani ndani huko Goba, Kinyerezi au Chanika, mauntein yenye tairi laini kidogo itakufaa kuliko haibridi nyepesi. Hilo nalisema bila kusita.

Ile ya kikapu ya Kijapani ni baiskeli nzuri sana ya mtaa, sokoni, shuleni, kwenda kanisani au msikitini. Fremu imeshuka chini unapanda hata na gauni, breki ya nyuma imefungwa ndani ya kibati haipati mchanga kirahisi, kufuli ipo kwenye rimu. Ila zimepangwa kwa safari fupi, nyingi ni gia moja au tatu, kilo 18 mpaka 20, na kiti kikiwa chini magoti yanachoka ukizidisha kilomita tano sita. Kazini Kinondoni unakaa Kinondoni, chukua. Unatoka Mbagala kila siku, utaichukia.

Namba za tairi, hapa ndo pa kuwa makini

Naomba hapa usome taratibu maana hela nyingi zinapotea hapa. Haibridi inatumia rimu inayoitwa 700, ubavuni mwa tairi utaona imeandikwa 700x38C au 28x1.50 halafu pembeni kuna namba ndogo kama 40-622. Hiyo 622 ndo ukweli wenyewe, ni kipenyo kwa milimita cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Phoenix, ile ya chuma ya kubebea mizigo, nayo inaitwa 28, muuzaji atakuambia 28 ni 28 tu, lakini tairi ya Phoenix ya 28x1½ ni 635, hiyo ni milimita 13 zaidi, haishiki kwenye rimu yako itatoka. Mauntein ya 26 ni 559, ya Kijapani ya 26x1⅜ ni 590, zote zinaitwa 26 na haziingiliani. Mauntein mpya za 29 ni 622 sawa na haibridi, kwahiyo ukikwama tairi nyembamba ya 29 inaweza kukuokoa kama fremu ina nafasi, ila nyingi ni za inchi 2 na kitu zitagusa fremu.

Maana yake kwa mnunuzi ni nini. Tairi ya 26 ya mauntein na ya 28 ya Phoenix unazipata hata Jumapili jioni. Ya 700 mara nyingi unaifuata Kariakoo au kwa wale wanaoshusha makontena ya mtumba, wanazo ila sio kila siku na sio kila upana. Huu ndo udhaifu mkubwa wa haibridi hapa kwetu na hakuna haja ya kuuficha. Dawa yake ni ndogo, nunua tairi moja ya akiba ukiiona nzuri, iweke ndani mbali na jua.

Na vali. Haibridi nyingi zinakuja na ile vali nyembamba ya Kifaransa yenye kichwa cha kufungua kwa vidole. Fundi wa chini ya mwarobaini pampu yake ni ya vali nene kama ya gari au ile ya Phoenix, ataiangalia, ataibonyeza, kichwa kitapinda, upepo utaisha wote na hapo unasukuma baiskeli mpaka nyumbani. Kuna kiadapta kidogo cha shaba, kikubwa kama ncha ya kidole, unakifunga juu ya vali inakuwa nene, unaweza hata kujaza sheli. Kaa nacho muda wote kwenye mfuko wa funguo.

Breki

Ukiletewa haibridi mbili zinazofanana, moja ya breki za mpira zinazobana rimu na nyingine ya diski, usiruke kwenye diski kwa sababu ya muonekano. Za mpira zinarekebishwa na kila fundi, mipira ipo kila duka, waya ni ule ule. Ubaya wake unaonekana wakati wa mvua, mchanga ukiingia kati ya mpira na rimu unasikia ile sauti ya kusaga, na ndo inasaga kweli, aluminiamu inaisha. Kwenye mtumba pitisha kucha kwenye ubavu wa rimu pale mpira unapobana, ukikuta pamebonyea kama bonde hiyo rimu inakaribia kupasuka, achana nayo au shusha bei ya rimu nzima.

Diski ya waya ni nzuri, rimu inabaki salama, mvua haiisumbui sana, na waya fundi yeyote anabadilisha, ila pedi zake uzitafute mapema na uziweke akiba. Diski ya oili ndo inashika vizuri kuliko zote, unavuta kwa kidole kimoja, lakini fikiria nani ataihudumia. Shimano na Tektro zinatumia oili ya madini, na ukimpelekea mtu asiyejua atakumwagia oili ya breki za gari ambayo ni kitu kingine kabisa, mipira ya ndani inavimba, breki imekwisha. Kosa lingine la kawaida ni kutoa rimu ili kuziba pancha halafu mtoto akavuta breki, pedi zinakutana na rimu hairudi tena mpaka uzitanue. Kama una fundi unayemjua anayezifahamu nunua kwa raha zako. Kama huna, chukua ya mpira au diski ya waya.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kutoa hela

Nyuma kuna kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika gia kwenye fremu, kikipinda cheni inaruka, na kila kampuni na kila modeli ina umbo lake, hukipati dukani. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama mkono wa gia umenyooka sambamba na meno. Tingisha pedeli kulia kushoto, zikicheza boksi (beringi za katikati pale pedeli zinapozungukia) imekwisha. Vuta bomba la kiti juu kidogo, kama halitoki kabisa chumvi imeshaligandisha humo ndani na kama urefu wako sio wa aliyeiuza una tatizo la kudumu, na lako likitoka lipake grisi kabla hujarudisha. Simama juu ya fremu miguu chini, kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, fremu ikiwa kubwa kwako hakuna marekebisho yatakayoiponya.

Kama utabeba mzigo, tafuta vitundu vya skrubu vya keria nyuma, karibu na ekseli na juu karibu na kiti. Haibridi nyingi nyepesi zinavyo hata kama keria haipo. Na jua la Dar hili begi mgongoni ni kulowa kabla hujafika Magomeni, keria unaihitaji. Ila keria hizi nyingi zimeandikwa kilo 25, hazilingani na ya Phoenix inayobeba gunia, kwa hiyo mwenye biashara ya kubeba mkaa au kreti za soda aachane na haibridi kabisa, Phoenix ndo ya kazi hiyo. Tena haibridi nyingi zenye meno ya gia saba nyuma zina ekseli ya nyuma inayopinda mapema ukizidisha mzigo, kwa sababu friwili (kile kifurushi cha meno ya nyuma) imesukuma beringi ndani na ekseli imebaki imening'inia.

Wizi nao. Rimu nyingi za haibridi zinafunguka kwa kile kishikio cha kugeuza kwa mkono bila spana, pamoja na kiti. Ukiifunga kwa mnyororo nje ya benki, utakuta fremu tu. Badilisha weka nati za kawaida siku ya kwanza.

Kwahiyo mi ningegawa hivi. Mwenye safari ya lami nyingi, Mwenge, Sinza, Tabata, Kurasini kwenda mjini, achukue haibridi nyepesi ya foku ngumu, breki za mpira au diski ya waya, aweke tairi 38 au 40, keria na madigadi ya plastiki. Anayevaa nguo za ofisi, dera au baibui, anaondoka na giza asubuhi na hapendi kufunga funga vitu, ile iliyokamilika ya Ujerumani au Uholanzi yenye fremu ya kushuka itamtendea haki, uzito atauzoea kwenye tambarare, kava ya cheni inalinda nguo na taa nyingi ni za dainamo, zinawaka bila betri. Ikiwa na gia za ndani ya habu (kitovu cha rimu ya nyuma), zile za Shimano Nexus, ni tamu maana cheni imenyooka na hairuki, ila zikiharibika fundi wa kuzifungua umtafute sana, kwahiyo zijaribu zote moja moja kabla ya kulipa. Ya shokapu mi ningeinunua tu kama bei imeshuka sana chini ya ile ngumu na shokapu yenyewe bado inacheza laini, halafu ningetafuta foku ngumu ya kuibadilisha taratibu.

Siku ya kuinunua nenda asubuhi, muuzaji ana muda na wewe una mwanga wa kuona nyufa, iendeshe angalau mpaka mwisho wa mtaa na kurudi ukibadilisha gia zote na kufunga breki moja moja. Na ukishalipa usiondoke mikono mitupu, toka na tyubu mbili za 700, kile kiadapta cha shaba, na spana ya kumi na tano kwa ajili ya pedeli.